Sanamu na Picha Yake

Katika mtaa wa Akihabara, mjini Tokyo, yapo maduka ya ghorofa kadha yauzayo sanamu za watu wa filamu za katuni za Kijapani ziitwazo anime. Si vitu vya kuchezea watoto. Nyingi zimefanywa kwa kipimo cha moja kwa saba au moja kwa nane, kimo chake kikawa kama shubiri moja, na wanunuzi wake aghalabu ni watu wazima. Baadhi yao hawaridhiki kuziweka kabatini. Huzipiga picha, na katika kazi hiyo hutumia usiku mzima. Mwenye haraka hucheka. Walakini kicheko hakijibu swali lililomo: je, picha inayoifanya sanamu ionekane mtu hai ni sifa kwa sanamu ile, au ni uongo juu yake?

Mpiga picha huishusha kamera mpaka ikalingana na macho ya sanamu, kwa kuwa kitu kitazamwacho kutoka juu hukiri udogo wake mara moja. Taa huiweka kando, akaizuia kwa karatasi nyeupe ili mwanga uwe mwororo. Tundu la lenzi hulibana, maana kwa umbali mdogo lenzi iliyofunguliwa sana huona pua wazi na masikio katika ukungu. Kisha hunyunyiza maji yawe mvua, na hapo hunaswa: sanamu imepunguzwa mara saba, bali tone la maji halikubali kupunguzwa. Juu ya shavu hukaa tone kubwa kama jicho.

Yamkini mtu kusema kuwa hapana uongo hapa, kwa sababu hapana anayedanganyika. Mtazamaji ajua kuwa atazama plastiki, na hufurahia werevu wa hila. Hoja hii ina nguvu, na kwa habari ya mvua yatosha. Haitoshi kwa habari nyingine ambayo husemwa kwa nadra.

Sanamu huanza kwa fundi mmoja achongaye kielelezo cha kwanza, siku hizi mara nyingi kwa kompyuta. Jina lake kwa kawaida huandikwa sandukuni, na pengine jina la aliyekipaka rangi kielelezo hicho. Nakala zake hutolewa viwandani kwa maelfu, nyingi nchini China, na huko rangi haikuachiwa mashine peke yake. Mfanyakazi hushika kiungo kwa mkono, akakifunika kwa kifuniko chenye uwazi, akakipulizia rangi, kisha kingine. Jina lake haliandikwi. Kamera ikaribiapo, hufichua chembe ya rangi iliyovuka ukingo wa kola. Wakusanyaji huiita kasoro, na wapiga picha wengi huifuta kwa kompyuta kabla ya kuionyesha kazi yao.

Walter Benjamin, mwanafalsafa wa Kijerumani, katika insha iliyotolewa mwaka 1936, alisema kuwa sanaa inakiliwapo kwa mashine hupoteza ile hali ya kuwapo mahali pamoja na wakati mmoja. Kwa doa lile, nakala hii yatengana na maelfu ya wenzake. Ni sahihi ya pekee iliyoachwa na mtu asiyetajwa. Mnunuzi aliyelipa fedha nyingi ana haki ya kudai jicho lililonyooka, hilo halina ubishi. Lakini afutaye doa pichani hadanganyi juu ya shujaa wa filamu, ambaye hakuishi kamwe. Adanganya juu ya mkono ulioishi.

Si mbali na Akihabara, katika bustani ya Ueno, lipo hekalu la Kiyomizu Kannon-do, ambako kila tarehe 25 Septemba wanasesere waliokaa na watu hufanyiwa ibada ya kuagwa. Sanamu za plastiki nazo huzeeka. Dawa iliyotiwa kuilainisha plastiki hutoka nje kama jasho, na ngozi hunata vumbi. Mwenyewe huiosha kwa maji ya sabuni, akaikausha kwa kitambaa. Vumbi huondoka, na chembe ya rangi hubaki palepale kwenye kola.