Jina Watakupa, Uliza Litabaki kwa Nani

Mpwa wangu, nimesikia lebo imekuita, na kwamba menejimenti inataka ubadilishe jina, usuke nywele na usionekane tena kwenye daladala za Mbagala. Sikukatazi. Kutengenezwa si aibu.

Nasibu Abdul wa Tandale hakuzaliwa Diamond Platnumz. Jina lilitafutwa, baadaye likaja la Simba, na Tandale yenyewe, vichochoro na shida zake, ikaingia kwenye bidhaa: ukitajiwa utajiri wake, utakumbushwa na alikotoka. Sisi wa Temeke tulitangulia. Juma Nature na wenzake waliposimama na herufi TMK, wilaya iliyochekwa kwa uswahilini wake ikawa ya kujivunia. Hiyo ni akili ya biashara, naivulia kofia.

Mtazame Mbosso. Yamoto Band, chini ya Said Fella, tulimjua kama Maromboso, kijana mmoja kati ya wanne. Bendi ikavunjika. Mwaka 2018 akatambulishwa WCB Wasafi, lebo ya Diamond, jina limefupishwa, na kazi amepewa moja: kuwa mtu wa mahaba. Hata albamu yake ya 2021 iliitwa Definition of Love. Koo lilikuwa lilelile. Kilichoongezwa ni mavazi, video, mahojiano, na uvumilivu wa kurudia jambo moja mpaka msikilizaji alizoee.

Sasa njoo kwenye deni. Video, nguo, promo, vyote kuna mtu analipa, na anaandika. Msanii mwingine wa lebo hiyo, Harmonize, alipoondoka WCB mwaka 2019 alisema mwenyewe hadharani kwamba alidaiwa shilingi milioni 500, ikabidi auze mali. Simlaumu yeye, wala simlaumu aliyemdai. Fedha ilitumika kweli. Ila wewe, kwenye mkataba, usinisomee ukurasa wa asilimia tu. Uliza: nikiondoka, jina naondoka nalo? Kwa msajili, BRELA, limesajiliwa kama alama ya biashara ya nani? Akaunti ya YouTube imefunguliwa kwa barua pepe ya nani? Nyimbo zimeandikishwa kwa jina gani COSOTA, kwenye hakimiliki? Na lile gari la kupigia picha, ni zawadi, la kukodi, au ni deni langu?

Kuna pia jina lisilo na deni: mwanamuziki marehemu Remmy Ongala alijitangaza mwenyewe kuwa ana sura mbaya, na Sinza mpaka leo kuna kituo kinaitwa Kwa Remmy. Meneja gani angemdai sura ile?

Halafu kuna kiki. Watakuambia utangaze uchumba na msanii mwenzako wiki moja kabla ya wimbo kutoka, mgombane, mrudiane. Inafanya kazi, siwezi kukudanganya. Magazeti ya udaku yaliishi kwa hayo kabla ya Instagram. Lakini wanaopanga kiki hawakai Mbagala. Mama yako anauza pale Rangi Tatu, na wateja ndio watakaomuuliza mkwe yuko wapi, na harusi lini, na mbona leo ameonekana na mwingine.

Mkataba usiusaini studio, usiku, watu wamekuzunguka wanapiga picha. Omba nakala, uje nayo Jumapili tuisome. Mwanasheria nitamlipa mimi. Wakikataa kukupa nakala, rudi nyumbani, wimbo mzuri hauozi. Na kama kiki imo kwenye mpango wao, mama yako aambiwe kabla ya mashabiki.