Tuzo ya Ramani Ianze kwa Jina la Aliyepima

Wanangu, wapimaji, wachora ramani na nyinyi mnaofundisha mifumo ya taarifa za kijiografia, fani ambayo sote tumezoea kuiita GIS: kila ifikapo Novemba vyuo vingi huadhimisha siku yake. Ramani hutundikwa ukumbini, waamuzi hupita na karatasi zao, na jioni mtu hukabidhiwa cheti huku akipigwa picha. Naipenda siku hiyo. Chanda chema huvikwa pete, na kazi yetu haina wasifiaji wengi, kwa kuwa ramani ikishamfikisha mtu anakokwenda hakuna anayeuliza ni nani aliyeichora. Ila nina neno juu ya namna tunavyowachagua wa kuwatuza, kwa sababu kesho mtakaokaa kwenye meza ya waamuzi ni nyinyi.

Tuanze na historia, maana inatugusa. Anayeitwa baba wa GIS ni Roger Tomlinson, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Kanada. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya upigaji picha za anga mjini Ottawa, na kampuni hiyo ikatakiwa itafute mahali panapofaa kupanda misitu nchini Kenya. Ilibidi ramani za aina nyingi zilazwe moja juu ya nyingine na kulinganishwa kwa macho, na gharama ya kuifanya kazi hiyo kwa mikono ilikuwa kubwa mno, haikubebeka. Tomlinson akashika wazo kwamba kompyuta inaweza kuifanya. Serikali ya Kanada ilipohitaji kujua ardhi yake inafaa kwa nini, wazo lile likapata mwenyewe, na mfumo wa kwanza ukajengwa. Mwaka 2001 alitunukiwa nishani ya Order of Canada, na chama cha URISA kilipofungua orodha yake ya heshima ya fani hii mwaka 2005, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuingizwa. Alistahili. Linaloniuma ni kwamba swali lililozaa fani nzima liliulizwa juu ya ardhi ya Kenya, na bado kijana wa Nakuru anaweza kuhitimu shahada yake bila mwalimu yeyote kumwambia hivyo.

Sasa mtazameni Gladys West. Mama huyu mweusi, mtoto wa wakulima wa Virginia, aliingia kituo cha jeshi la majini cha Dahlgren mwaka 1956 akiwa mwanahisabati. Kwa miaka mingi alishughulikia vipimo vya setilaiti na kuandika programu za kukokotoa umbo halisi la dunia, ambayo si mviringo kamili kama mpira. Bila umbo hilo kujulikana kwa usahihi, simu zenu zisingeweza kuwaambia mko wapi. Alistaafu mwaka 1998, watu wakaendelea kuitumia kazi yake bila kulijua jina lake. Ni pale alipoandika maelezo mafupi ya maisha yake kwa ajili ya chama cha wanawake wasomi alichokuwa mwanachama wake ndipo wenzake waliposhtuka. Desemba 2018 Jeshi la Anga la Marekani likamwingiza kwenye orodha ya waasisi wake wa anga. Alikuwa na miaka 88.

Miaka 20 baada ya kustaafu! Wangapi walifariki kabla hawajaandika ukurasa ule? Ndiyo maana nasema tuzo haianzi ukumbini. Inaanza siku unapohifadhi data, pale kwenye sehemu ya maelezo panapotakiwa jina la aliyekusanya, tarehe na kifaa alichotumia, sehemu ambayo wengi wenu mnairuka kwa haraka ya kufika kwenye rangi.

Mfano mzuri tunao nyumbani. Ramani Huria ilianza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi wakishirikiana na wakazi wa kata zinazofurika. Jiji lilikuwa bado linakumbuka mafuriko ya Desemba 2011. Vijana wale waliingia Tandale na simu na daftari, wakachora nyumba, vichochoro na mifereji ambayo ramani rasmi hazikuwa nayo. Lakini ni nani anayejua maji hupita wapi mvua za masika zikikolea? Ni mjumbe wa shina, ambaye anawajua watu wake nyumba kwa nyumba. Ni mama anayeweka kiganja ukutani na kukuonyesha maji yalipofika, kisha anakuonyesha mfereji uliozibwa na mtu aliyejenga ukuta juu yake. Kipimo cha kiganja kile, kikishaandikwa kwa sentimita na kufungwa na jira zake, ni data kamili. Picha ya droni haiwezi kukupa. Katika OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambako kazi yao ilihifadhiwa, kila mstari unabaki na jina la aliyeuchora, jambo jema sana. Mama wa ukutani hana akaunti, na jina lake lisipoandikwa na wewe, haliandikwi na yeyote.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kijana akileta ramani ya mafuriko kwenye shindano, mwulizeni kwanza nani alimwonyesha maji yanapopita. Kisha mwulizeni ramani hii imerudi mtaani au imeishia kwenye kompyuta yake. Ramani ambayo ofisi ya kata inaitumia kuamua mfereji upi uzibuliwe kwanza imeizidi ile yenye rangi za kupendeza isiyojulikana na mtu.

Na swali la tatu ni la ufundi, msilione dogo: ramani hii imejengwa juu ya datumu ipi? Ramani nyingi za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania zimejengwa juu ya datumu ya Arc 1960, ilhali simu zetu zinatumia WGS84. Ukizichanganya bila kubadilisha, nukta inahama kwa takriban mita 300. Kisima cha kijiji hiki kinaangukia kijiji cha jirani, na ugomvi wa mpaka unaanza upya. Mwanafunzi anayeligundua kosa hili peke yake kuna mwalimu aliyemfundisha kutilia shaka kila namba, na mwalimu huyo simwoni kwenye orodha za tuzo zetu. Tunawatuza wenye miradi mikubwa, ilhali mwalimu anayefundisha darasa la watu 60 kwa kompyuta tano, akiwapanga kwa zamu mpaka usiku, anapewa asante ya mdomo. Hili si haki, na nyinyi mnaweza kulibadilisha bila kusubiri bajeti ya mtu.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja kabla ya Novemba ijayo. Rudini kwenye mitaa mliyopima, chukueni majina kwa ridhaa ya wenyewe, myaandike chini ya ramani kwa herufi zinazosomeka. Mjumbe wa shina na mwalimu wenu wapelekeeni barua ya mwaliko mapema, na siku ya tuzo muwaketishe mbele.