Je, Desturi za Mababu Ziachwe Zote?

Mara nyingi wakatekumeni hutuuliza: mtu akiisha kubatizwa, yampasa kutupa kila kitu alichopewa na baba zake? Swali hili si letu peke yetu. Wakristu wa Malabar, yaani Kerala, kusini mwa Uhindi, walipata kulijibu kwa machozi.

Wao husema ya kuwa Mtakatifu Toma Mtume ndiye aliyewaletea Injili, mwaka wa 52. Hata asiyekubali mwaka huo hawezi kukana ukale wa Eklezya yao, kwani kanisa la Kollam lilipewa hati na mtawala wa nchi, imeandikwa juu ya bamba za shaba, mwaka wa 849. Walisali kwa Kisiria. Siku ya ndoa bwana arusi humfunga bibi arusi shingoni kidani cha dhahabu chenye umbo la jani, sawa na majirani zao Wahindu. Lakini juu ya jani hilo kuna msalaba wa vichembe vya dhahabu, na uzi wake huvutwa katika nguo mpya ya arusi. Sisi twapendezwa sana na jambo hili. Kitu ni kile kile, bali maana yake imebatizwa.

Wareno walifika mwaka wa 1498. Mwaka wa 1599 Askofu mkuu wa Goa, Aleixo de Menezes, aliita sinodi huko Diamper. Mapadri wakakatazwa kuoa. Vitabu vya Kisiria vikasahihishwa, na vingi vikachomwa moto. Twadhani Menezes alitaka imani safi. Lakini nia njema yatosha? Kitabu kikiisha kuwa majivu, nani atapima tena kama hukumu ilikuwa ya haki? Mwaka wa 1653 watu walikusanyika Mattancherry, wakafunga kamba kwenye msalaba, maana si wote walioweza kuugusa kwa mkono. Wakashika kamba na kuapa kwamba hawatawatii Wayezuiti tena. Wengi walirudi baadaye katika umoja na Roma, wengine hawakurudi hata leo. Papa Pius XI aliwapa waliorudi maaskofu wao na majimbo yao mwaka wa 1923, na Mtaguso wa Vatikano, mwaka wa 1964, ulisema Eklezya za Mashariki zina haki, tena wajibu, wa kushika taratibu zao wenyewe.

Basi, kila cha mababu ni chema? Hapana. Wakristu wale wale walijihesabu watu wa cheo, wakaepa kuguswa na watu wa tabaka la chini, kama kwamba mkono wa maskini una najisi. Desturi ya namna hiyo haibatizwi, kwa sababu yamkana ndugu ambaye Kristu alimfia. Tena ni ajabu: vitabu vilichomwa kwa siku chache, lakini ubaguzi huo haujaisha kati ya Wakristu wa Kerala hata sasa.