Vipimo vya Gari la Kale

Gari likizeeka sana hupata heshima ambayo halikuwa nayo lilipokuwa jipya. Volkswagen yenye mgongo wa kobe ilikuwa zamani gari la karani na mwalimu. Tangu ile ya mwisho kutoka kiwandani Puebla, Meksiko, mwaka 2003, watu huitafuta kama kito, na kila skrubu yake huulizwa nasaba.

Kung'oa kipimo chake si kazi ngumu. Mtu hufungua waya wa betri, huinua boneti ya mbele (injini, kama ijulikanavyo, i nyuma), huondoa kadibodi ifunikayo mgongo wa dashibodi, hulegeza nati ya kebo itokayo katika gurudumu la mbele, huchomoa vitaa vidogo huku akiandika mahali pa kila waya, kisha hufungua skrubu mbili. Duara lote humjia mkononi kama sahani. Katika magari mengi ya namna hiyo yaliyotengenezwa kabla ya 1961 hapakuwa na kipimo hata cha petroli. Injini ilipoanza kukohoa, dereva aligeuza kwa mguu kiwiko cha akiba, akajua kwamba safari imekuwa fupi.

Ugumu huja baada ya skrubu. Ndani ya duara lile mna vigurudumu vya tarakimu vihesabuvyo mwendo wa gari. Kebo ikikatika, husimama. Vikifika 99,999, hurudi sifuri, na gari kuukuu likajiita changa. Katika gari aliloniachia marehemu baba vilisimama kwenye 61,407 nilipokuwa mtoto, na baba akaliendesha miaka mingi baadaye. Nilipotaka kuliuza, fundi alinipa njia mbili: kuvizungusha vigurudumu kwa sindano, au kutia kipimo kizima cha gari lililokufa, kilichosoma maili 18,000 na kitu. "Hapana atakayedhulumiwa, Mwalimu," alisema. "Hicho cha kwako nacho ni kiongo."

Hoja hii si ya mwizi, ndiyo maana ilinisumbua. Ni kweli kwamba kipimo changu hakikusema kweli. Lakini chombo kilichonyamaza ni kama shahidi aliyekufa katikati ya ushahidi wake: warithi hawana ruhusa ya kummalizia maneno. Basi sindano niliikataa upesi. Kipimo cha pili hakikukataliwa kwa wepesi huo. Nisingegusa tarakimu hata moja. Ningefunga skrubu mbili tu, na macho ya mnunuzi yangejidanganya yenyewe. Hapo nilitambua kwamba mkono waweza kuwa safi na mtu asiwe safi. Anayejua kosa litakaloingia katika akili ya mwenzake, naye akalinyamazia kwa kuwa litamletea faida, amekwisha kulisema.

Nchini Marekani sheria ya mwaka 1972 ilikataza kurudisha nyuma hesabu hiyo. Ikiwa kipimo kimetengenezwa na hesabu ya kwanza haiwezi kurejeshwa, sharti kianzishwe kwenye sifuri, na karatasi ibandikwe katika fremu ya mlango wa kushoto, yenye hesabu ya zamani na tarehe ya kazi. Sheria hii naipenda kwa sababu haidai kipimo kisichokosea. Yadai kosa liwe na maandishi. Hata hivyo, kanuni zake zimewasamehe wauzaji wa magari yaliyozeeka kama haya wasitoe hati ya maili wakati wa kuuza. Yaani pale ambapo hesabu imekuwa na mashaka zaidi, na bei ya uhaba imepanda zaidi, serikali imeondoka chumbani na kumwacha mtu na dhamiri yake.

Nilitia kipimo cha pili, kwa kuwa dereva hana budi kujua mwendo wake barabarani. Sikuwa na sheria ya kunilazimisha, lakini nilibandika karatasi mlangoni: hesabu zote mbili, tarehe, na neno kwamba maili za katikati hazijulikani. Mnunuzi wa kwanza aliisoma polepole, akanishukuru kwa adabu, akaenda zake. Wa pili alitaka nipunguze bei kwa theluthi. Gari lingali uani kwangu, na fundi, kila tuonanapo, huniuliza kama gundi ya ile karatasi bado imeshika.