Nani Mwenye Usiku wa Diani?

Mtu aliye Nairobi ana haki gani ya kuzima kompyuta iliyo Diani?

Siulizi kwa utani. Natunza kompyuta za kampuni yenye hoteli Diani, ofisi ndogo Msambweni na makao makuu Nairobi. Amri ilishuka kutoka juu: mashine zote zijizime saa sita usiku, zisasishwe. Kwao saa hiyo ofisi ni giza tupu. Kwetu mapokezi ndiyo yanafunga hesabu za siku. Dada wa zamu akaona skrini inamzimikia, na mgeni wa ndege ya alfajiri anataka bili yake.

Waliotunga mfumo huu wa Microsoft, uliokuja na Windows 2000, waliliwaza swali hili mapema. Amri husomwa kwa zamu: za kompyuta yenyewe, za eneo, za domeni, kisha za kitengo ndani ya domeni. Zikigongana, ya mwisho hushinda. Kwa hivyo kitengo kidogo cha Diani kinaweza kuipiku domeni nzima. Lakini angalia ujanja: kompyuta aliyoikalia yule dada husema kwanza, na anayesema kwanza hufutwa na wote. Halafu mkubwa anaweza kuipiga amri yake muhuri. Hapo hata wa chini akikataa kurithi, inampitia tu.

Muhuri si ubaya, jamani. Mei 2017 WannaCry ilipokwamisha hospitali za Uingereza, Microsoft ilikuwa imetoa kinga tangu Machi. Kompyuta moja isiyosasishwa huwachoma na majirani, kwa hivyo hiari ya Msambweni haiwezi kuwa hatari ya kila mtu.

Ila Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 191, haimpi mkubwa muhuri wa bure. Sheria ya kaunti ikigongana na ya taifa, ya taifa hushinda pale inapotimiza masharti, mfano jambo linalohitaji usawa nchi nzima. Isipoyatimiza, ya kaunti ndiyo husimama. Yaani Kwale haidaiwi maelezo. Anayedaiwa ni aliye juu.

Kwa kipimo hicho, sasisho lenyewe nalikubali na muhuri wake. Saa sita usiku naikataa, kwa sababu hakuna virusi vinavyojali kama tumesasisha usiku au alasiri. Nimewaandikia hivyo makao makuu. Wakauliza, basi saa ngapi? Nikawaambia wampigie dada wa zamu, mimi saa hizo niko Ukunda nimelala.