Jina unalojipa na jina wanalokupa

Mama mwenye kuuzisha sombe hapa kwetu Kapalata anainyunyizia maji kila mara. Ukimuuliza, atakujibu: «Mwalimu, nisipotiya mayi, nani atauza?» Je, anadanganya? Kama sombe ilichumwa asubuhi, maji yanaikinga na jua na kuonyesha ubichi ambao kweli iko nao. Kama ni ya siku tatu, maji ni yale yale, lakini sasa yanasema uongo.

Ninaanza na sombe juu ya swali ambalo tunalibishania sana siku hizi: mtu ana haki ya kujitengenezea sura mbele ya wengine? Vijana wanapiga foto mbele ya motokari isiyo yao na kuituma kwa WhatsApp. Wazee wanakasirika. Wanasema zamani mtu alijulikana kwa matendo yake tu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bon, aliyetunga methali ile hakukaa sokoni. Hata sombe nzuri inaitiwa wateja. Na zamani yenyewe haikuwa vile wanavyosema.

Mji wetu ulimjua bingwa wa jambo hili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa Zanzibar wa pembe na watumwa, alifanywa wali wa Stanley Falls mwaka 1887 na Dola ya Leopold II. Sisi wote tunamuita Tippu Tip. Jina lilitoka wapi? Yeye mwenyewe, alipoandika maisha yake kwa Kiswahili, alisema ni mlio wa bunduki zake. Stanley, aliyekutana naye mwaka 1876, aliandika kwamba maana yake ni mkusanya mali. Wengine wakasema, hapana, ni juu ya macho yake tu, yalikuwa yanapepesa-pepesa. Jina moja, hadithi tatu! Mwenyewe alichagua ile ya kuogopesha, na kwa kazi yake ilikuwa na faida: watu wanaokimbia mbele ya jina hawahitaji kupigwa risasi. Lakini hakuweza kuwafunga watu kinywa juu ya macho. Pale njo ninaona mpaka. Unaweza kuwaonyesha watu sura. Namna watakavyoiona ni mambo yao.

Mobutu alijaribu kuamrisha. Mwaka 1972 aliwaondolea wazazi wetu majina ya ubatizo, na yeye Joseph-Désiré akawa Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, kofia ya chui kichwani. Televisheni ikafungua habari na uso wake ukitokea mawinguni. Mbele watu waliimba, nyuma walicheka. (Majina ya mababu yenyewe yalibaki, na wengi wetu hatungependa kuyatupa. Hilo tumpe.)

Kwa hiyo sikubali kwamba kujipamba ni uongo. Nguo safi siku ya kwenda kwa wakwe ni heshima kwao. Ninauliza kitu kingine: nani analipa? Mwenye makuta anamlipa mwanamuziki ili jina lake liitwe ndani ya wimbo, ndiyo yale mabanga tunayoyajua. Makuta yakiwa yake, acha acheze. Lakini mimi ninafundisha sekondari. Ninaona watoto wanaorudishwa nyumbani juu ya minervali, na baadhi ya baba zao watu wanawajua kwa viatu. Baba anapita avenyu nzima, watu wanasema «uyu mutu eko bien». Viatu vile vimelipwa na mtoto, na hakuna aliyemuuliza.

Tippu Tip naye alilipiwa jina na wengine, wale waliobeba pembe kutoka huku mpaka pwani. Ndani ya kitabu chake pembe zinahesabiwa kwa frasila. Wao, wengi wao, hawana jina.