JE, MOYO ULIOTULIA UMESAMEHEWA?

Kijana wa Mwanjelwa, kijana wa Iringa mjini, unatafuta amani? Wapo wanaosema imo ndani yako. Yoga ya Kundalini, ambayo Yogi Bhajan alianza kuifundisha Marekani mwaka 1969, husema nguvu imelala chini ya uti wa mgongo kama nyoka aliyejikunja. Eti uiamshe kwa pumzi na maneno ya kurudiarudia!

Sikiliza ndugu. Kunyoosha viungo si dhambi. Kuvuta pumzi polepole kweli hutuliza mwili. Lakini dhambi ni deni, na mdaiwa akilala usingizi, deni halilali! Ukiamka lipo palepale. Nani atakulipia? YESU alishalipa msalabani. Usimwamshe nyoka, mwite Mwokozi. Okoka leo!